Tandawala kwenye Shamba la Mama Mkubwa

Asubuhi ile nilitoka Karatu bila mpango. Wasomaji wangu wa muda mrefu mnajua kwamba ndivyo ninavyoishi: nikikaa mahali mpaka muuza chapati akaanza kunifungia bila kuniuliza nataka ngapi, najua muda wangu wa kuondoka umefika. Nilifunga begi, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikasimama kando ya lami na uamuzi mmoja tu kichwani, kwamba gari la kwanza litakalosimama ndilo litakaloniamulia niendako. Ikasimama pikapu iliyobeba vitunguu vya Mang'ola, inateremka Mto wa Mbu. Tulikuwa hatujafika Rhotia simu yangu ilipoita. Alikuwa rafiki yangu, dereva wa watalii mzaliwa wa Kilimanjaro ambaye sisi wote tunamwita Mangi. Hakunisalimia.

"Uko wapi?"

"Njiani."

"Kila siku wewe uko njiani. Sikiliza. Dada yetu wa ndege ametutoka. Alfajiri ya leo, hospitalini. Moyo."

Dereva wa pikapu akanitazama, akapunguza sauti ya redio bila kuombwa. Mangi akaendelea kwamba maiti inasafirishwa kwao Digodigo, mazishi ni keshokutwa, na kwamba yeye ana wageni kreta, kule bonde la wanyama, mpaka mwisho wa wiki, hana jinsi. "Nenda wewe usiye na kazi," akasema. Nikamwambia kazi ninayo. "Ya kuandika? Basi nenda ukaandike. Lakini utafika kweli? Kule hujawahi kwenda." Nikamjibu kwamba nitafika, na nilipokata simu nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa na mahali pa kwenda. Ni kweli sikuwa nimewahi kukanyaga Digodigo. Lakini mfereji mmoja wa kule nilikuwa naujua shamba kwa shamba, tangu yanapotokea maji hadi yanapoishia. Nilijua nani ana mpapai na nani ana viazi vitamu, na nilijua shamba moja ambalo kwa muda mrefu halikupitwa. Haya yote nilifundishwa na marehemu tukiwa tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, nyuma ya gereji, Karatu.

Wakati huo mimi nilikuwa naosha magari ya safari, nayatoa tope jekundu ili kesho yake yakachafuke tena. Yeye alikuwa mpishi wa kambi. Aliwapikia wageni juu ya ukingo wa kreta, ambako ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria, akawapikia Engaresero kwenye joto ambalo siagi haisimami, na popote alipopika mkate wake uliumuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuagiza na kicheko cha ghafla. Alikuwa na jambo moja alilolitaka, na hakulificha kwa mtu yeyote: alitaka kuwa mwongoza watalii. "Miaka yote hii nawapikia supu," aliniambia, "wanaizunguka wanasimuliana walichokiona mchana. Mimi najua walichokiona kwa kusikiliza tu, kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Nataka niwe mimi niliyewaonyesha." Kampuni moja pale mjini ilikuwa inachukua waongozaji wapya kila mwaka, na mlango wake ulikuwa usaili wa kusimama mbele ya watu watatu bila karatasi, wanakuuliza wanyama, ndege na miti, nawe unataja. Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha, alikiokota kambini. Wanyama aliwajua. Ndege ndio walikuwa ukuta wake.

Hapa naomba nitoke kidogo njiani, kama ilivyo kawaida yangu. Mimi niliacha shule darasa la sita, na marehemu aliishia la saba. Wote wawili tulipitia kukariri kwa kuimba, darasa zima kwa sauti moja, mwalimu akigonga ubao na fimbo. Siku hizi wasomi wanalibeza neno kukariri, wanasema ni elimu ya kasuku. Sikubaliani nao kabisa, na pia siwapingi kabisa. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba tulidaiwa kukumbuka, lakini hakuna aliyetufundisha namna. Tuliambiwa "shikeni," bila kuonyeshwa mkono. Kitu kimoja tu nilichofundishwa shuleni juu ya kushika ni kuhesabu miezi kwenye vifundo vya ngumi: kifundo ni mwezi mrefu, bonde ni mwezi mfupi. Nakitumia hadi leo. Nimesahau sentensi zote za darasa la sita, lakini ngumi yangu haijasahau Septemba. Nilipomsimulia marehemu habari hiyo, aliitazama ngumi yangu kwa makini, akaigeuza huku na huku kama anayekagua nyama buchani, akasema, "Kumbe ni kupata pa kuweka tu. Basi mimi ninapo."

Pa kuweka pake palikuwa mfereji wa nyumbani. Digodigo ni kijiji cha maji. Yanatoka kwenye chemchemi iliyo ndani ya msitu, yanaingia mferejini, na kila familia ina zamu yake ya kuyafungulia yaingie shambani kwake, kwa mpangilio unaosimamiwa na wazee. Mtoto wa kule anajua mpangilio wa mashamba kabla hajajua kusoma, kwa sababu akitumwa kuangalia maji yamefika wapi, lazima ajibu kwa jina la mwenye shamba. Kwa hiyo marehemu alifanya hivi: akaichukua orodha ya ndege ambayo kampuni iliwagawia waombaji, akaanza kuwagawa ndege mashambani kwa mfuatano uleule. Mbuni akamweka shamba la juu kabisa, kwa mzee mmoja mwenye miguu mirefu. Korongo taji akamkabidhi mama anayependa kilemba cha njano. Ndege karani akaenda kwa bibi wa viazi vitamu, ambaye mwanawe alikuwa mwandishi wa kijiji. Heroe, yule mwekundu wa ziwani, akasimamishwa chini ya mpapai uliopasuka matunda yake mekundu. Tumbusi, mla mizoga, akapewa mtu wa bucha, na marehemu akacheka peke yake kwa siku nzima. Akawa anafumba macho huku vidole vinamenya njegere, anateremka na maji, anataja. Mimi nilishika karatasi na kuhakiki. Nilishangaa. Katika wiki chache alikuwa na ndege wengi kuliko nilivyowahi kushika kitu chochote maishani.

Wenzetu wa gereji wakaanza kumwiga, kila mmoja kwa mahali pake. Mangi aliwapanga ndege kwenye maduka ya mtaa aliokulia. Ndugu mmoja wa Ololosokwan, mpagazi wa kambi, akawapandisha juu ya ng'ombe wa boma lao, kwa jinsi wanavyoingia langoni jioni. Huyo alienda vizuri mpaka siku alipokuja anasikitika kweli. "Yeyo," akamwambia marehemu, kwa maana kwao hilo ni neno la kumheshimu mama, "nimepoteza heroe. Kaka yangu amemuuza." Tulidhani anatania. Hakutania, ng'ombe mwekundu aliyembeba heroe alikuwa amepelekwa mnadani, na kila alipolitazama lango kwa akili yake, pale palipita hewa. Marehemu alimwambia, "Mwache heroe palepale hewani, usubiri ndama mwekundu." Gereji nzima ikaangua kicheko, na yule ndugu akauliza kwa upole kama kuna mtu anayejua ndama yule atazaliwa lini.

Mimi ndiye niliyeshindwa. Sina mfereji, sina mtaa, sina boma. Nilijaribu kuwapanga ndege kwenye vyumba vya gesti nilivyowahi kulala, lakini gesti zetu zinafanana mno: ukuta wa rangi ya bluu, kitanda, chandarua chenye tundu, kandambili zisizolingana. Mbuni wangu alikuwa anatokea Babati asubuhi na Kondoa jioni. Marehemu alinicheka mpaka njegere zikamwagika. "Mzururaji wewe," akasema, "utakuja kusahau hata jina lako. Huna pa kuliweka." Nilicheka pia. Ila neno lile nililibeba, na nimelala nalo katika vyumba vingi.

Usaili wa kwanza ulimshinda, na nitaeleza jinsi alivyonisimulia mwenyewe, akiwa bado amevaa gauni lake la kanisani. Walimuuliza ndege wakubwa wanaoonekana kreta. Akafumba macho. Mmoja wa wasaili akamwambia kwa wema, "Mama, anza tu na wale unaowakumbuka." Akajibu, "Siwezi kuanzia katikati, mzee. Maji hayajafika." Wakatazamana. Akaendelea kungoja maji yake, akaanza juu kabisa, akataja mbuni, akataja korongo taji, akataja ndege karani, akaruka moja kwa moja hadi heroe. Msaili mkubwa akamrudisha: "Kati ya hao hujasahau mmoja? Mzito kuliko wote wanaoruka. Kila gari likishuka kreta linamkuta anatembea kwenye nyasi." Hakumpata. Akaanza tena juu, akateremka, akaruka palepale. Kalenda iliyokuwa ukutani nyuma ya yule msaili ilikuwa na picha ya ndege huyohuyo, shingo imesimama, na yeye alikuwa anaitazama. "Nilimwona," aliniambia. "Nilimwona kama ninavyokuona wewe. Jina halikuja." Wakamwambia arudi mwakani.

Ndege huyo ni tandawala. Nilikuwa nimeshaona karatasini kwamba ni huyohuyo anayemponyoka kila mara, lakini nilidhani ni uzembe. Siku ile nikamuuliza kwa njia nyingine. Niliiacha karatasi, nikamuuliza habari za mashamba.

"Baada ya bibi wa viazi vitamu anafuata nani?"

"Mwenye mpapai."

"Wamepakana?"

Akamenya njegere kadhaa. "Hawajapakana."

"Sasa katikati yao kuna nini?"

"Kuna shamba."

"La nani?"

"Wewe unataka ndege au unataka ukoo wangu?"

Nikamwambia nataka tandawala. Ndipo akanieleza, bila kunitazama. Shamba lile lilikuwa la mama yake mkubwa, mke wa kaka wa baba yake. Mwaka baba alipolazwa hospitali ya mbali na mama akaenda kumuuguza, zamu yao ya maji ilichukuliwa na mama mkubwa. Maharage yao yalikauka huku ya jirani yanachanua. Baba alirudi amekufa. Yeye alikuwa binti mdogo aliyeachwa nyumbani, ndiye aliyeyaona maharage yakikauka, na aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena shamba lile. Hakulikanyaga. Alipoolewa, alipofiwa na mume, alipokuja Karatu kutafuta kazi, na hata alipokwenda nyumbani kuwazika watu wake, alizunguka kwa njia ya juu. Na alipowagawa ndege, tandawala aliangukia shamba lile kwa mfuatano tu, naye akaona haya kuuvunja mfuatano kwa sababu ya mtu mmoja. Akamweka pale. Kisha hakuweza kuingia kumchukua.

Mangi, aliyekuwa anasikiliza huku amelala chini ya gari, akatoa kichwa. "Dada, si umhamishe tu? Ndege mwenyewe wa karatasi."

"Mangi, wewe fungua hiyo boliti. Nikimhamisha mmoja, wote watateleza. Na maji hayaruki shamba. Kila nikiteremka nafika pale, naona pengo, nafumba macho ndani ya macho."

"Basi kosa mtihani kila mwaka kwa ajili ya maharage."

Aliinuka na beseni lake, akaondoka. Nilidhani amekasirika. Kesho yake asubuhi tukasikia amepanda gari la kwenda kwao.

Alirudi na gunia la viazi vitamu na habari ambayo tulimlazimisha arudie mara nyingi, kwa sababu alikuwa anaiigiza vizuri. Alikwenda mfereji ule siku ya zamu ya mama mkubwa, akamkuta na jembe, ameinama anafungua njia ya maji. Mama mkubwa alikuwa amezeeka. Akamtazama binti aliyekuwa hajamsalimia tangu utotoni, akauliza, "Umekuja kudai maji?" Akajibu hapana. "Umekuja kunilaani?" Hapana. "Unataka nini?" Akasema, "Nimekuja kupita." "Kupita unaenda wapi?" "Siendi popote. Nina ndege wangu hapa shambani." Mama mkubwa akashika jembe kwa mikono miwili. "Ndege gani? Kama anakula maharage yangu, mfukuze." Mpaka hapo sisi gerejini tulikuwa tumekwisha kwa kucheka. Lakini marehemu alipofika sehemu inayofuata sauti yake ilibadilika. Alisema alimweleza mama mkubwa habari yote, ya usaili na ya kalenda, wakiwa wamesimama kwenye tope. Mama mkubwa akamwambia kwamba mwaka ule wazee ndio waliompa zamu ile, maana hapakuwa na mtu mzima wa kuyafungulia maji na yangepotea mtoni. Kwamba alikusudia kuwagawia mavuno. Kwamba hakuwagawia. "Hakuomba radhi," marehemu alituambia. "Na mimi sikumsamehe, msije mkasema nilimsamehe. Nilishika jembe la pili, tukayapitisha maji pamoja mpaka kwa mwenye mpapai. Nilitembea shamba zima. Tandawala alikuwepo."

Mwaka uliofuata alisimama tena mbele ya watu watatu. Alingoja maji kama kawaida yake. Alipofika kwa bibi wa viazi vitamu alisita, wasaili wakainua vichwa, kisha akacheka kile kicheko chake cha ghafla na kutaja tandawala kwa sauti ambayo, kwa maneno ya Mangi aliyekuwa amesimama nje dirishani, ilisikika mpaka kituo cha mafuta. Tangu siku hiyo alikaa kiti cha mbele. Amewaongoza wageni kreta, Engaresero na kwenye nyanda zote za huku, na nimesimuliwa kwamba hadi msimu wake wa mwisho, mgeni akimuuliza jina la ndege alikuwa anatulia kidogo kabla ya kujibu. Wageni walidhani anafikiri. Sisi tulijua anangoja maji. Na kila mwaka baada ya mvua alikuwa anakwenda kwao, na kila alipokwenda alipita.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili kwenye safari ile. Pikapu ya vitunguu iliniacha Mto wa Mbu, nikapata lori la bati na soda linalokwenda Sale, upande uleule wa Digodigo. Tulilala Engaresero, dereva ndani, mimi juu ya turubai, na asubuhi tukapanda ngazi za bonde la ufa polepole, injini ikilalamika kila kona. Siku hizi simu inajua ndege wote. Unaielekeza juu, inakutajia. Vijana wanaoongoza watalii leo wanaitumia, na sioni ubaya. Mimi mwenyewe ninaandika safu hii kwenye simu. Lakini simu inashika kwa niaba yako, haikulazimishi kupita popote. Marehemu alitaka orodha ya ndege tu, kama mtu anayetaka ufunguo wa mlango wa kazi, na orodha ikamkamata mkono ikampeleka mahali alipokuwa amepakwepa nusu ya maisha yake. Tunadhani kusahau ni udhaifu wa kichwa. Mara nyingine kichwa ni kizima kabisa, ila kimekataa kupita kwa mtu fulani. Na ukikataa kupita kwa mtu, humpotezi yeye tu; unapoteza na chochote kilichokuwa kimewekwa kwake.

Lori lilinishusha Digodigo mchana wa jua. Barabara ilinifikisha sehemu ya chini ya kijiji, mwisho wa mfereji, na hapo nikapata tatizo ambalo marehemu angelifurahia: nilikuwa naujua mfereji ule kwa kushuka tu. Kutoka chini kwenda juu sikujua hata shamba moja. Ningeweza kuuliza nyumba ya msiba na kuelekezwa moja kwa moja. Nilikataa. Nilipandisha na begi langu mgongoni, sitazami kulia wala kushoto, kama mtu aliyefika ukumbini kabla ya wakati na hataki kuona jukwaa. Nilipofika pale mfereji unapotoka kwenye miti nikasimama, kwa kuwa ndani ya msitu wa chemchemi mgeni haingii bila ruhusa ya wazee. Nikageuka. Nikashuka na maji.

Mzee wa miguu mirefu hayupo siku hizi, lakini kijana aliyekuwa anapalilia alikuwa na miguu ileile, mbuni. Kwenye shamba la pili kilemba cha njano kilikuwa kimeanikwa kwenye ua, nami nilikaribia kupiga kelele; korongo taji. Viazi vitamu vilikuwa vimetambaa hadi ukingoni, ndege karani. Kisha nikafika kwenye maharage, marefu, yamechanua, na bibi mmoja mzee sana, amekaa ukingoni na jembe kando yake, miguu ndani ya maji. Ilikuwa siku ya msiba lakini zamu ya maji ilikuwa yake. Alinitazama nikikaribia. Nikamwamkia, akaitikia kwa Kiswahili cha polepole.

"Unatafuta nani, baba?"

"Simtafuti mtu, bibi. Napita."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka begi. "Na wewe una ndege hapa?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Akajisogeza, akapiga ukingo kwa kiganja, nikakaa karibu naye. Maji yalikuwa yanaingia kwenye maharage bila sauti. Baadaye akasema, "Alinikuta hapa. Miaka yote aliyokuja alinikuta hapa. Nataka wamlete huku juu kwanza, kabla ya kumfikisha nyumbani. Nimewaambia wanawe. Wamesema watamleta." Kisha akauliza nimefikia kwa nani, nikamwambia sijafikia kwa mtu, naulizia gesti. Akacheka, na kicheko kile nilikijua. "Gesti? Wewe leo hupiti. Leo unalala."

Chumba alichonipa kina ukuta wa udongo uliopakwa majivu, na dirisha dogo linalotazama mferejini. Karibu na mlango kuna msumari wa kutundikia nguo, umepinda kulia. Juu ya kitanda dari limeingiwa na moshi likafanya doa jeusi. Hakifanani na chumba chochote nilichowahi kulala, na nimekikagua taratibu, ukuta kwa ukuta, nikiwa nimekusudia. Marehemu aliniambia sina pa kuweka kitu. Sasa ninapo. Kwenye ule msumari uliopinda nimemtundika yeye, na gauni lake la kanisani, na beseni lake la njegere, na sauti iliyofika kituo cha mafuta. Nitaondoka hapa baada ya mazishi, mnanijua, nitaondoka. Lakini kila nitakapotaka kumwona najua nitaanzia wapi: juu kabisa, kwenye miti, na nitashuka na maji bila kuruka shamba la mtu. Nawaomba nanyi mlionisoma mfanye hivyo. Mnajua wenyewe ni shamba la nani mnalolizunguka kwa njia ya juu. Nendeni mpite.